Meli Iliyokuja na Mbavu Mbili za Kulia

Mmeniomba niandike, basi naandika, ila mjue mmejitakia wenyewe. Mimi shule niliachia darasa la nne, na kusoma kwenyewe nimekuja kukunyoosha ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, benchi moja na mama mkwe wangu, ambaye mtihani wote aliandika akitazama daftari langu, kisha akafaulu kunizidi. Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa kwenye kiti cha mwenzake, msinipigie simu. Ninyi mnaoikalia meza yangu pale Nyakato siku hizi kipande kikikosekana kwenye boksi la modeli mnaandika ujumbe, na baada ya wiki kingine kinafika kimefungwa vizuri kama mkate. Siwaonei wivu. Nawaonea huruma kidogo tu, kwa sababu hamtajua raha ya kutengeneza taa ya meli kwa kichwa cha pini.

Mishahara siandiki, mnaijua. Vyeo navyo siandiki, kwa sababu niliingia fundi nikatoka fundi, na katikati hapakuwa na ngazi ya kupanda, palikuwa na stuli, tena stuli yenyewe ya miguu mitatu.

Kabla ya hapo nilikuwa kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, kazi yangu kuunga nyuzi zilizokatika. Miaka ya tisini ilipoanza watu wakapunguzwa, nami nikapunguzwa pamoja nao. Sijui kwa nini wanaita kupunguzwa. Mimi nilibaki mzima vilevile, kilichobadilika ni njaa, iliongezeka. Wakati huohuo kila kitu kilikuwa ruksa. Vitu tulivyokuwa tunavisikia tu vikaanza kushuka Mwanza, sabuni zenye harufu ya matunda, viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni. Bwana Pravin, mwenye duka la vifaa vya shule mjini, akaletewa na ndugu yake wa Dar es Salaam shehena ya maboksi yenye picha za ndege, meli na matreni. Picha nzuri ajabu. Maandishi madogo hakuna aliyeyasoma.

Watu wakanunua wakijua ndani kuna ndege. Siku ya pili akaja mama mmoja wa Igoma, mwuza dagaa, boksi kichwani.

"Bwana Pravin, salamu nitakupa baadaye. Nimenunua ndege, nimefungua nimekuta kuni!"

Hakukosea sana. Ndani ya boksi mlikuwa na vijiti vya plastiki, na vipande vya ndege vimeng'ang'ania vijiti kama dagaa walionasa kwenye wavu. Mwenye kununua ndiye anayetakiwa kuvikata, kuvisugua na kuvigundisha. Bwana Pravin akamweleza kwamba huko Ulaya watu wazima wanafanya hivyo jioni kama starehe.

Yule mama akamtazama. "Kwa hiyo umeniuzia kazi?"

Ndipo Bwana Pravin akatafuta mtu wa kuunga. Aliponiita akanishika vidole akavitazama kama anayenunua kuku, akaniuliza kama nina subira. Nikamwambia nina watoto sita. Akaniweka kwenye banda lake la Nyakato, upande mmoja mimi na meza, upande wa pili Mama Kabula na cherehani yake, maana alikuwa amepangishwa baraza. Mama Kabula alikuwa Msukuma mwenzangu, mama mnene wa Usagara, mwenye kicheko kinachoanza kabla hujamaliza kukosea.

Sasa sikilizeni siku yangu ya kwanza, kwa sababu kuna mtu kati yenu ananiita mtaalamu. Kwenye vipande vya ndege kulikuwa na herufi mbili zinajirudia, L na R. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijapani na Kiingereza, kwangu zote zilikuwa nyayo za kuku. Nikatumia akili. L, nikasema, ni ya Lia. Mkono wa kulia. R sikuijua ni ya nini, maana sisi Wasukuma herufi hiyo hatuisumbui nayo haitusumbui, lakini kwa kuwa kulia kulishachukuliwa, hiyo itakuwa kushoto. Nikagundisha. Bawa likigoma kuingia nililichonga mpaka likakubali. Siku nne nikamaliza ndege tatu, Bwana Pravin akazipanga kwenye kioo cha duka mjini. Mabawa yote yalikuwa juu chini, magurudumu yanatazama mbinguni.

Hakuna aliyesema kitu. Watu walipita, walitazama, waliona ndiyo aina mpya. Mpaka alipoingia Mzee Rwezaura.

Huyu alikuwa Mhaya, mrefu, kofia ya pama, fimbo, suruali yenye mstari wa pasi unaoweza kukata nyanya. Alikuwa mkuu wa chumba cha injini kwenye meli ya abiria iliyokuwa ikienda Bukoba, akastaafu akabaki Mwanza kwa sababu, alivyosema mwenyewe, Bukoba wote wamesoma na hakuna wa kumfundisha. Siku hiyo mimi nilikuwa dukani kuchukua gundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani ameunga hizi ndege?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuwa umesimama kwa miguu au kwa kichwa?"

Akanieleza kwamba kwa Kiingereza L ni kushoto na R ni kulia. Mimi nikaona nimeonewa. Nikamwambia, "Lakini mzee, mbona L ndiyo iliyoko ndani ya neno 'kulia'?"

Akanigusa kifua kwa fimbo. "Na ndani ya neno 'ujinga' hamna L wala R," akasema, "lakini wewe umeupata wote."

Tangu siku hiyo akawa anakuja bandani karibu kila asubuhi. Anakaa kwenye kiti cha wateja, fimbo katikati ya magoti, ananikosoa. Wakati huo hakuwahi kuniambia "vizuri". Sifa yake ilikuwa ni kunyamaza. Akinyamaza ujue umefaulu, ukifaulu sana anakohoa. Miaka mitatu alikohoa mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa na mafua.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa mliniuliza. Kisu changu kilikuwa nusu ya wembe iliyochomekwa kwenye mwanzi ikafungwa kwa uzi wa nyavu. Kibano kilikuwa cha mke wangu, cha kung'olea nyusi, hakurudishiwa mpaka leo na nyusi zake mmeziona. Tupa ilikuwa ya kucha. Mshumaa ulikuwa wa kuvutia vijiti: unapasha kijiti cha plastiki juu ya moto mpaka kilegee, unavuta polepole, kinakuwa uzi mwembamba kama unywele, hapo umepata antena. Mabaki ya vijiti tuliyaloweka kwenye thina ya rangi, kwenye chupa, yakawa uji mzito wa kuzibia mapengo. Hiyo chupa iandikeni jina. Mama Kabula alidhani ni maziwa mgando, bahati alinusa kwanza.

Maboksi yale yalikuwa na kasoro nyingi kuliko watu. Ndiyo maana ndugu yake Bwana Pravin aliyapata kwa urahisi, kiwanda kilikuwa kinayatupa. Bawa limepinda kwa joto la safarini: liloweke kwenye maji ya moto, ya kiasi cha chai unayoweza kuinywa kwa haraka, kisha ulilaze kwenye kioo ulikandamize mpaka lipoe. Tairi halipo: kata shanga. Dirisha limepasuka: chukua picha ya eksirei ya zamani, ioshe kwa dawa ya kufanyia nguo nyeupe, zile mbavu za mtu zitatoka na utabaki na plastiki safi. Kabla sijagundua hiyo ya eksirei nilijaribu gamba la sangara. Gamba la sangara mkubwa linapitisha mwanga vizuri sana, ninyi jaribuni. Nikaiwekea ndege nzima madirisha kumi na sita ya magamba, ikapendeza, nikaianika. Paka wa jirani akala madirisha yote akaacha ndege.

Na jambo hili mlishike: boksi lifunguliwe mbele ya mteja, vipande vihesabiwe kwa sauti. Kipande kikipungua, kabla ya kulaumu kiwanda, tazama chini ya meza, halafu kwenye pindo la suruali yako, halafu kwenye bakuli la chakula. Nimewahi kumlaumu Mjapani wiki nzima kwa usukani ambao mwanangu aliuona kwenye ugali.

Sasa nifike kwenye meli, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Asubuhi moja Mzee Rwezaura alikuja amebeba boksi kubwa kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Alikuwa amelinunua dukani kwa Bwana Pravin. Akaliweka mezani, akainamia picha mpaka pua ikagusa karatasi.

"Bomba moja la moshi," akasema. "Daraja la nahodha limekaa mbele. Mashua nne za kuokolea. Fundi Shija, hii ni dada wa meli yangu. Tumbo moja."

"Mzee, mbona unaisogelea hivyo, unainusa?"

Hakunijibu kwa kejeli, nikajua kuna neno. Akasema jicho la kushoto lilishakufa zamani, mvuke ulimrukia kazini. Hilo la kulia, alilokuwa ananikosolea nalo miaka yote, lilikuwa na mtoto wa jicho, na ukungu ulikuwa unazidi kila wiki. Daktari wa macho alikuwa amepanga kulipasua baada ya wiki mbili.

"Daktari amesema wengi wanaona baada ya hapo," akasema. "Nimemsikiliza vizuri. Hakusema wote. Nami ninalo moja tu la kubahatisha. Sasa nataka niione meli hii imekamilika kabla hawajanigusa. Kama kisu kikiteleza, iwe ndicho kitu cha mwisho nilichokiona."

Nikalivuta boksi kwangu. Yeye akaongeza, "Maana sitaki iwe sura yako."

Tukafungua, tukahesabu kwa sauti, Mama Kabula akisaidia kuweka vipande kwenye sinia. Bomba lipo. Mashua zipo tatu, ya nne haipo, si neno. Nanga zipo. Tukafika kwenye mwili wenyewe wa meli, ambao huja umepasuliwa katikati kama samaki, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, kila mmoja urefu wa mkono hadi kiwiko. Nikatoa wa kwanza, ndani umechapwa R. Nikatoa wa pili. R.

Nikaugeuza. Nikaurudisha. R inabaki R hata ukiigeuza, nilijaribu.

Mzee akapapasa ile herufi kwa kidole gumba. "Haiwezi kuelea hivi," akasema. "Hata kusimama haiwezi." Halafu taratibu kabisa, "Wiki mbili, fundi."

Tukaenda mjini dukani kupiga simu Dar es Salaam. Simu za wakati ule ulikuwa unapiga kelele kana kwamba waya hauna kazi. Upande wa Dar alikuwepo karani wa ndugu yake Bwana Pravin, anaitwa Salum, mtu mwema, mwenye maboksi mengi yaliyovunjika ya kutolea vipuri.

"Haloo, Salum! Nataka ubavu wa meli! Wa kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa meli!"

"Meli inatazama wapi?"

Nikatokwa na jasho. "Bwana wee, soma herufi iliyochapwa ndani! Nataka L!"

"Nini?"

"L! L!"

"Nasikia kama kuku ndani ya debe! Hebu sema ya nini! Mfano wa neno!"

Akili ikanitoka. Nikatazama huku na huku nitafute kitu. Juu ya rafu ya Bwana Pravin palikuwa na redio ya mbao, inaimba taratibu.

"L ya ledio!" nikapaza sauti.

"Aaa, ya redio! Ungesema mapema! Nimeandika. Napakia kwenye treni."

Nikaweka simu nikiwa nimejisifu moyoni. Hakuna aliyenisahihisha. Bwana Pravin alikuwa na mteja, na Mzee Rwezaura alikuwa nje anapigana na jua.

Siku sita tulingoja. Sikukaa bure, niliunga sitaha, bomba, ngazi, na mashua ya nne nikaichonga kutoka kwenye mwili wa kalamu ya wino. Mzee alikuja kila siku, lakini alikuwa anakosoa kwa kuchelewa. Zamani nilikuwa sijamaliza kukosea ameshaona, sasa ilimbidi ashike kipande, akipeleke mlangoni kwenye mwanga, akirudishe. Siku moja alikishika kipande kinyume akanigombeza kwamba nimekiunga kinyume. Mama Kabula akanitazama, nami nikamtazama.

Kifurushi kikafika. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata kamba. Akatoa ubavu, akaingiza kidole gumba ndani, akapapasa herufi.

"Fundi. Ulimwambia L?"

"Nilimwambia L, mzee. Na aliposema hasikii nikamfafanulia kabisa. Nikamwambia L ya ledio."

Bwana Pravin, aliyekuwa ameleta kile kifurushi, akafunika uso kwa mikono miwili.

"L ya nini?"

"Ya ledio."

"Mawe!" Mzee akamwita mama yake kwa Kihaya, akaachia fimbo ikaanguka. "Ledio! Jamani, mtu huyu nilimfundisha mwenyewe! Ledio!" Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Bwana Pravin akacheka. Mimi nikageuka kwa Mama Kabula anitetee.

"Kwani kosa liko wapi?" akauliza Mama Kabula. "Si ledio?"

Hapo wakakaa chini kabisa.

Lakini kicheko kilipokwisha mzee akatoa leso akafuta machozi, na machozi yalipokauka akaendelea kufuta lile jicho, anafuta, anafuta, kama mtu anayefuta kioo ambacho vumbi lake liko upande wa pili. Zilibaki siku nane. Kupiga simu nyingine na kungoja treni nyingine, tungefika pembeni kabisa ya siku zenyewe, na Salum alikuwa ameandika kwenye karatasi ya kifurushi kwamba hiyo ndiyo meli yake ya mwisho ya aina hiyo na ubavu wake mwingine umepondeka. Mezani tulikuwa na mbavu tatu za kulia. Meli ya namna hiyo ingeweza kukata kona ya upande mmoja maisha yake yote.

Nitawaambia nilichofanya, na msicheke. Nilichemsha maji kwenye sufuria nikautumbukiza ubavu mmoja, nikiamini plastiki ikilegea nitaigeuza ndani nje kama soksi. Soksi ya kulia ukiigeuza si inakuwa ya kushoto? Nikavuta. Kilichotoka sufuriani kilifanana na sangara aliyeanikwa na mtu mvivu. Mke wangu alinipa pole, kisha akaniuliza kuhusu sufuria.

Kesho yake nikamwambia Mama Kabula ukweli, kwamba nimeshindwa, na kwamba mzee akija nitamwambia mimi mwenyewe. Alikuwa anakata gauni la kitenge.

"Umeshindwa nini hasa?"

"Kutengeneza wa kushoto. Nina wa kulia tu. Kila nikipima napata mwingine wa kulia."

Akasimamisha mkasi. "Wewe fundi, mimi nikishakata mkono wa kulia wa gauni, wa kushoto naagiza Dar?"

"Mama, usinitanie leo."

"Nani anakutania? Tazama." Akachukua karatasi yake ya kipimo, ya mkono wa gauni, akailaza kwenye kitambaa, mkono wa kulia. Akaigeuza tumbo kwa mgongo akailaza tena. Mkono wa kushoto. "Umekaa miaka mitatu unanitazama nikifanya hivi. Ulikuwa unatazama nini?"

Nilichukua makasha ya khaki ya viatu nikaanza kukata.

Hii ndiyo kazi, iandikeni kwa herufi mnazozijua. Unauchora ubavu mzuri mistari, kila upana wa vidole viwili mstari mmoja, kuanzia pua ya meli hadi tezi, kule nyuma. Kwenye kila mstari unakata kadi mpaka likumbatie tumbo la meli barabara, mwanga usipite. Kila kadi unaliandika namba. Halafu unayageuza yote, tumbo kwa mgongo, na sasa yanakumbatia meli ambayo bado haipo. Kinachobaki ni kuchonga mti mpaka kila kadi liingie mahali pake. Nilitumia msizi, mti mwepesi, kipande alichonipa fundi seremala wa jirani. Kadi namba saba lilinitoa damu, pale tumbo linapoanza kupungua kwenda nyuma. Ndani nikachimba kwa patasi ya ukucha mpaka pakawa pembamba, nikaogopa kutoboa, nikaacha.

Mzee alikaa kando yangu siku zote hizo. Alikuwa haoni tena ninachochonga, anapitisha kidole. "Hapa kuna kitunguu," anasema, nami nasugua uvimbe wenyewe. "Hapa umeogopa." Kweli, nilikuwa nimeogopa. Siku ya sita tukagundisha mbavu mbili, wa plastiki na wa mti, tukaziba kwa ule uji wa chupa, nikapaka rangi. Bendera akashona Mama Kabula.

Siku moja kabla hajaenda hospitali tukaishusha kwenye karai la maji, barazani, saa nne asubuhi, jua limesimama vizuri. Bwana Pravin alifunga duka akaja. Nikaachia mikono.

Ikaelea. Lakini mti ulikuwa mzito kuliko plastiki, pale nilipoogopa kutoboa, na meli ikaanza kulala. Ikalala upande wa kushoto, ikalala, mpaka maji yakakaribia sitaha, ndipo ikatulia hivyo, imeinama kama mlevi anayesikiliza siri. Mama Kabula akaziba mdomo asicheke. Nami nikajiandaa. Nilijua kinachokuja, nilikuwa nakikumbuka tangu zile ndege.

Mzee Rwezaura akapiga magoti, akainama mpaka ndevu zikagusa maji. Akakaa hapo muda mrefu.

"Nzuri sana, fundi," akasema. "Imekaa wima kama askari."

Mama Kabula akashusha mkono kutoka mdomoni. Kicheko hakikuwepo tena. Bwana Pravin akatazama barabarani. Miaka mitatu nilikuwa naitafuta sifa ya yule mzee, na siku ilipokuja nilitamani nimrudishie.

"Asante, mzee," nikasema.

Akaondoka kesho yake, bintiye aliyetoka Bukoba amemshika mkono. Meli akaiacha kwangu, kwenye rafu. Mama Kabula aliniambia nibandike risasi za nyavu, zile nzito za kuzamishia wavu, upande wa kulia, iwe sawa akirudi, kazi ya dakika mbili. Risasi nilikuwa nazo. Kila siku nilizishika na kila siku nilizirudisha koponi. Kama nikiinyoosha, nilijiambia, nitakuwa nimekubali kwamba hataona tena wala hatajua tofauti. Niliacha ilale vile ilivyolala.

Wiki tatu zikapita bila habari. Halafu asubuhi moja nikasikia fimbo barazani. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, bintiye nyuma yake.

"Shikamoo, mzee!"

Hakuitikia. Akavua miwani, akapepesa, akaja moja kwa moja kwenye rafu. Hakupapasa. Akaichukua meli, akainyoosha mbali na uso, urefu wote wa mkono.

"Nani amepaka rangi hii?"

"Mimi, mzee."

"Hii ni rangi ya mlango wa choo."

Mama Kabula akapiga kigelegele, barabara nzima ikageuka.

"Na wewe mama, nyamaza, bendera umeishona kichwa chini! Leteni karai." Tukaleta karai. Akaishusha mwenyewe, ikalala kushoto kama kawaida yake. Akaikodolea jicho, kisha akanikodolea mimi. "Fundi Shija! Meli imelala chali, na mkaniacha naiita askari? Mbele za watu?"

"Ulisema mwenyewe, mzee."

"Nilisema kwa sababu ya adabu!" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Rangi, moja. Bendera, mbili. Mashua ya nne ni kalamu, tena maandishi ya kalamu yanasomeka, tatu. Nanga moja ndefu kuliko mwenzake. Ngazi haina kidato cha mwisho, abiria atavunjika mguu. Bomba limeinama nyuma kuliko inavyostahili. Akaenda hivyo, mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili, ukaisha, akaazima kidole cha bintiye.

Mimi nikainama chini ya meza kana kwamba natafuta kipande. Hakukuwa na kipande. Nikakaa huko mpaka uso wangu ukatulia.

"Kumi na moja!" akasema juu yangu. "Makosa kumi na moja kwenye meli moja!"

"Mzee," nikamwambia nikiwa bado chini, "hebu hesabu tena. Huenda umeruka moja."